Bei ya Mnyama na Bei ya Sufu: Historia ya Alpaka Nje ya Andes

Alpaka ni mnyama wa ukoo wa ngamia, ingawa hana nundu na kimo chake begani ni mita moja au pungufu, na tangu enzi za kale thamani yake imekuwa sufu inayoufunika mwili wake kuanzia utosini hadi karibu na nyayo. Wako wa aina mbili: wakaya, ambaye sufu yake husimama na kufura kama ya kondoo, na suri, ambaye sufu yake huning'inia kwa misokoto mirefu inayong'aa. Kwao ni nyanda za juu za milima ya Andes, hasa nchini Peru, ambako wanaishi zaidi ya nusu ya alpaka wote wa dunia, wakifuatiwa kwa mbali na wale wa Bolivia. Hata hivyo, kuanzia miaka ya 1980 mnyama huyu aliuzwa Marekani, Kanada, Australia, New Zealand na Ulaya kama kitega uchumi, yaani mali inayonunuliwa ili izae mali nyingine, na watu wengi ambao hawajawahi kufuga hata mbuzi walitoa akiba zao wakawa wafugaji. Anayetaka leo kuifuata njia hiyo kwa kawaida huuliza kuhusu malisho, uzio na daktari wa mifugo. Maswali hayo ni ya lazima, lakini historia ya biashara yenyewe inaonyesha kwamba liko swali linaloyatangulia yote: je, fedha zinazomfikia mwenye alpaka zinatoka kwa mtu anayevaa kitambaa, au zinatoka kwa mtu mwingine ambaye naye anataka kuwa mwenye alpaka?

Mifupa iliyofukuliwa katika pango la Telarmachay, kwenye nyanda za Junín nchini Peru, inaonyesha kwamba watu wa Andes walianza kumfuga mnyama huyu yapata miaka 6,000 iliyopita, baada ya vizazi vingi vya kuwinda jamaa zake wa porini. Kwa muda mrefu wataalamu wengi waliamini kwamba lama na alpaka wote walitokana na gwanako, mnyamapori mkubwa wa nyanda hizo, mpaka uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2001 ulipobainisha kwamba gwanako ni babu wa lama peke yake, ilhali alpaka ametokana na vikunya, mnyama mdogo mwembamba ambaye sufu yake ni miongoni mwa zile laini kuliko zote duniani. Kwa sababu hiyo jina lake la kisayansi lilibadilishwa kuwa Vicugna pacos. Jambo hili si mjadala wa wanazuoni tu, kwa kuwa lama aliteuliwa kizazi baada ya kizazi ili abebe mizigo na alpaka ili atoe sufu, na popote damu zao zilipochanganywa, chotara aliyezaliwa, ambaye huko Peru huitwa wariso, alibeba sufu nzito yenye kukwaruza. Alama za mchanganyiko huo zimeonekana kwa alpaka wengi wa leo, hata wale ambao kwa macho ni alpaka kamili.

Katika dola ya Wainka, ambayo haikutumia sarafu, kitambaa kilifanya sehemu kubwa ya kazi ambazo kwingineko hufanywa na fedha: askari walituzwa nguo, wakuu wa makabila yaliyotiishwa walipewa nguo ili watulie, na nguo ziliteketezwa motoni kama sadaka. Kitambaa bora kuliko vyote kiliitwa kumpi, nacho kilifumwa na mafundi maalumu, wakiwemo wanawake waliotengwa na jamii na kuwekwa katika nyumba za dola kwa kazi hiyo, huku mifugo ya mfalme na ya mahekalu ikihesabiwa kwa kipu, yaani kamba zenye mafundo ambazo mpangilio wake ulihifadhi hesabu. Wahispania walipoingia mwaka 1532 mpango huo ulisambaratika. Vita, maradhi na uchinjaji wa ovyo viliangamiza sehemu kubwa ya mifugo, kondoo na ng'ombe walioletwa kutoka Ulaya wakatwaa malisho ya chini, na wafugaji wa alpaka waliosalia walisukumwa kwenye nyanda zilizo juu ya mita 4,000, ambako baridi huua mazao usiku mmoja na hewa ni nyepesi kiasi kwamba mifugo ya wageni haistawi.

Kwa hiyo ile picha ya alpaka kama mnyama wa kilele cha mlima, anayeridhika na majani makavu na umaskini, kwa sehemu ni zao la historia hiyo. Huko El Yaral, kwenye bonde kavu la kusini mwa Peru, wanaakiolojia walikuta miili ya alpaka na lama waliozikwa yapata miaka 1,000 iliyopita, kabla ya Wainka wenyewe kufika, ikiwa imehifadhiwa na ukavu wa jangwa pamoja na ngozi na sufu yake. Mtafiti Jane Wheeler alipoipima sufu hiyo aliikuta laini na yenye usawa mkubwa mwilini kote, kuliko ile ya mifugo mingi ya wakati huu. Kilichopotea pamoja na dola ile kilikuwa elimu ya uteuzi, yaani ujuzi wa kuamua dume yupi ampande jike yupi, ambao waliojua hawakuuandika popote.

Ulaya ilichelewa kuithamini sufu hii, kwa kuwa nyuzi zake ni ndefu na zinateleza, na mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya kondoo hazikuzimudu. Mabadiliko yalianza mwaka 1836, pale mfanyabiashara kijana wa Bradford, Uingereza, aitwaye Titus Salt aliponunua marobota ya alpaka yaliyokuwa yamelala bila mnunuzi katika ghala la bandari ya Liverpool. Charles Dickens aliisimulia habari hiyo mwaka 1852 katika jarida lake, Household Words, akiitia chumvi ya kuchekesha, na tangu hapo imerudiwa kana kwamba bahati ndiyo iliyofanya kazi yote. Ukweli ni kwamba Salt alishinda kwa ufundi. Alitumia uzi wa pamba kwa mtande, yaani nyuzi za urefu zinazokazwa kwenye kitanda cha mfumi, na uzi wa alpaka kwa mshindio, yaani nyuzi zinazopita kwa upana, akapata kitambaa chepesi chenye kung'aa karibu kama hariri lakini kwa bei ambayo mke wa karani angeweza kuilipa. Mwaka 1844 Malkia Victoria alimpelekea sufu ya alpaka wake wawili wa Windsor afumiwe nguo, na mwaka 1853 Salt alifungua kiwanda kikubwa kando ya mto Aire, akajenga mji mzima wa wafanyakazi uliopewa jina la Saltaire. Linalofaa kuzingatiwa ni kwamba utajiri huo wote haukutoka kwa mnyama hata mmoja aliyefugwa na Salt mwenyewe. Salt alihitaji sufu kwa tani, iliyochambuliwa na kufungwa, na alijua kabla ya kuinunua kwamba angeifanyia nini na angemuuzia nani. Na hata hivyo mitindo ya mavazi ilipogeuka kuelekea vitambaa laini visivyong'aa, hesabu ilibadilika: Salt alifariki mwaka 1876, na kampuni yake ilivunjwa mwaka 1892.

Mahitaji ya Bradford yaliwafanya wengine wawaze kwamba faida kubwa zaidi ingekuwa kumhamisha mnyama mwenyewe. Peru ililiona hilo mapema, na katika miaka ya 1840 ilipiga marufuku kusafirisha alpaka hai nje ya nchi, kama vile Hispania ilivyofanya kwa karne nyingi kwa kondoo wake wa merino. Mwingereza Charles Ledger, aliyekuwa amefanya biashara ya sufu Peru tangu ujana wake, aliizunguka marufuku hiyo kwa kuswaga kundi kutoka Bolivia kupitia Argentina na kuvuka Andes hadi pwani ya Chile, safari iliyochukua miaka kadhaa na kuua wanyama wengi kwa theluji na maji mabaya, na mwezi Novemba 1858 akateremka Sydney na wanyama 256. Serikali ya New South Wales iliwanunua kwa pauni 15,000, magazeti yakashangilia, na Ledger akapewa kazi ya kuwasimamia. Haikupita hata miaka kumi kabla serikali haijachoka. Kundi halikuongezeka kama ilivyotazamiwa, sufu yake haikuleta mapato ya kufuta gharama, na katika miaka ya 1860 wanyama waliuzwa na kutawanywa bila kuacha kazi yoyote ya kudumu. Australia ilikuwa tayari na merino, viwanda vya merino, wachambuaji wa merino na meli zilizojua njia ya merino, wakati alpaka alifika bila lolote katika hayo.

  

Karne moja na robo ilipita kabla biashara ya alpaka hai haijaanza upya, na safari hii mlango ulifunguliwa na daktari wa mifugo. Sheria za Marekani ziliwazuia wanyama wanaocheua kuingia kutoka nchi zenye ugonjwa wa miguu na midomo, na karibu Amerika Kusini yote ilikuwa na ugonjwa huo, mpaka Chile ilipotangazwa kuwa imeusafisha mwanzoni mwa miaka ya 1980. Makundi ya kwanza ya maana yaliingia Marekani kutoka Chile mwaka 1983 na 1984, mengine yakapelekwa New Zealand na Australia kuelekea mwisho wa muongo huo, na Peru yenyewe ilipolegeza marufuku yake mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanunuzi walipanda hadi kwenye nyanda za Puno kuchagua. Mnyama ambaye mfugaji wa Andes alimuuza kwa bei ndogo, akishapita karantini, yaani kipindi cha kutengwa ili athibitishwe kuwa hana maradhi, na kusafirishwa kwa ndege, aliuzwa Marekani kwa maelfu ya dola. Sehemu ya tofauti hiyo ilikuwa gharama halisi, lakini kubwa zaidi ilikuwa malipo ya kuwa wa kwanza.

Waliokuwa wa kwanza walijua kwamba bei hiyo ingedumu tu iwapo wanyama wangebaki wachache. Walianzisha daftari la nasaba, ambamo kila mnyama aliandikwa pamoja na wazazi wake, naye alithibitishwa kwa kupimwa damu, na mwishoni mwa mwaka 1998 daftari hilo lilifungwa kwa wanyama wa kutoka nje. Alpaka aliyeletwa baada ya hapo aliweza kuwa bora kuliko wote, lakini hakuandikwa, na asiyeandikwa hakuwa na bei. Hoja iliyotolewa ilikuwa kulinda ubora na kuzuia maradhi, na haikuwa ya uongo kabisa. Hata hivyo, mtu anayesoma historia hiyo leo ataona kwamba ukuta huo ulikuwa na kazi nyingine: Peru ilikuwa na alpaka kwa mamilioni, na kama mlango ungebaki wazi, bei ya Ohio au Oregon ingetelemka mpaka ikakutana na ile ya Puno pamoja na nauli ya ndege. Thamani ya mali ya mfugaji mpya, kwa maneno mengine, ilitegemea kanuni ambayo kura za wanachama ziliiweka na ambayo kura nyingine zingeweza kuiondoa.

Marekani ilikuwa imeona zamani jinsi kizuizi cha bidhaa kinavyopandisha bei ya mnyama. Majeshi ya Napoleon yalipovuruga Hispania, balozi mdogo wa Marekani mjini Lisbon, William Jarvis, alipeleka kwao maelfu ya kondoo wa merino kati ya mwaka 1809 na 1811, na kwa kuwa vita vilikuwa vimezuia vitambaa vya Uingereza, wakulima wa New England walilipa mamia ya dola, na wengine zaidi ya elfu moja, kwa dume mmoja. Amani ilipokuja mwaka 1815 na vitambaa vya Uingereza vikarudi madukani, kondoo hao hao waliuzwa kwa bei ya nyama. Tofauti ni kwamba merino alikuwa na viwanda vilivyokuwa vikimsubiri, na baada ya anguko hilo alibaki kuwa msingi wa ufugaji wa Vermont kwa miongo mingi. Alpaka wa miaka ya 1990 hakuwa na kiwanda cha kumsubiri.

Mwanzoni mwa karne ya 21 jike mwenye nasaba nzuri aliweza kuuzwa kwa dola 20,000 na zaidi, na madume wachache waliotukuzwa kwenye minada walifika mamia ya maelfu. Matangazo ya televisheni yalionyesha wanandoa wa umri wa kustaafu wakiwa malishoni jua linapozama. Sheria ya kodi nayo ilisaidia: kifungu cha 179 kilimruhusu mwenye biashara kuondoa bei ya mali ya kazi, mifugo ya uzazi ikiwemo, kwenye mapato yanayotozwa kodi katika mwaka ule ule wa ununuzi, na mwaka 2003 kiwango chake kilipandishwa kutoka dola 25,000 hadi 100,000. Wauzaji waliitaja nafuu hiyo kana kwamba ni faida, ilhali nafuu ya kodi hupunguza tu uchungu wa matumizi na haiwezi kumfanya mnyama asiye na soko awe na soko; tena mamlaka za kodi za Marekani zina haki ya kuihesabu shughuli isiyoleta faida mwaka baada ya mwaka kuwa ni burudani ya mwenyewe, na kukataa hasara zake.

Mwaka 2005 wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, Tina Saitone na Richard Sexton, walilichunguza soko hilo kwa hesabu za kawaida za thamani, yaani kwa kujumlisha mapato yote ambayo mnyama angeweza kuleta maishani mwake na kuyalinganisha na bei yake. Walihitimisha kwamba bei za wakati huo hazikuweza kuelezwa na sufu, na kwamba zilisimama juu ya ulanguzi, yaani kununua kitu kwa matumaini kwamba atatokea mwingine wa kukinunua kwa bei ya juu zaidi. Hesabu yenyewe si ngumu. Alpaka aliyelishwa vizuri hutoa sufu ya kilo mbili hadi nne kwa mwaka. Hata ikichukuliwa kwa ukarimu kuwa kilo tatu, na kila kilo ikauzwa kwa dola 20 bila kuondoa gharama yoyote, jike wa dola 20,000 angehitaji zaidi ya miaka 300 kurudisha fedha zake, naye kwa kawaida huishi miaka 15 hadi 20.

Kwa hiyo kila aliyenunua alitegemea ndama, na hapo ndipo maumbile yenyewe yanapoingia katika hesabu. Mimba ya alpaka huchukua takriban miezi kumi na moja na nusu, ndama huzaliwa mmoja, na mapacha ni nadra, jambo ambalo wauzaji walilitaja kuwa kinga dhidi ya wingi. Ni kinga dhaifu, kwa kuwa nusu ya ndama ni majike wanaoanza kuzaa baada ya miaka miwili au mitatu, na idadi ya walioandikwa katika daftari la Marekani, ambayo ilianza na maelfu machache, ilipita laki moja kabla ya miongo mitatu kwisha. Nusu nyingine ni madume, na kwa kuwa dume mmoja bora anaweza kuhudumia majike wengi, walio wengi kati yao huhasiwa na kubaki na thamani ya sufu yao na ya upole wao. Mfugaji aliyepiga hesabu kwa kumkadiria kila ndama kwa bei ya mama yake alikuwa amekosea nusu ya hesabu hiyo siku aliyoiandika.

Sufu yenyewe ina kanuni ambazo wageni wengi walizijua wakiwa wameshanunua. Ulaini hupimwa kwa maikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, na katika soko la Arequipa nchini Peru daraja mojawapo la juu, linaloitwa alpaka mtoto, ni la nyuzi zisizozidi maikroni 23 hivi. Jina hilo linapotosha, kwa maana halihusu umri wa mnyama bali wembamba wa uzi, ingawa ni kweli kwamba sufu ya unyoaji wa kwanza ndiyo huwa laini zaidi na kwamba kadiri mnyama anavyozeeka ndivyo uzi wake unavyonenepa. Chakula kingi pia huunenepesha, na hapa pana kinaya ambacho mfugaji wa Andes angekicheka: alpaka wa mwenye nacho, aliyeongezewa nafaka kwa mapenzi, hunenepa mwili na uzi kwa pamoja na kushuka daraja. Rangi nayo ilikuwa na masoko mawili yasiyosikilizana. Viwanda vya Arequipa kwa miongo mingi vililipa zaidi kwa sufu nyeupe inayopokea rangi yoyote, na wafugaji wa Peru wakaitikia hadi wanyama weupe wakawa wengi kupita kiasi na wenye rangi wakaanza kupotea. Huko Marekani na Australia, kinyume chake, wingi wa rangi za asili ulikuwa kivutio cha maonyesho na sababu ya kupandisha bei.

Juu ya hayo kuna kazi ya kuchambua. Huko Arequipa wanawake wenye uzoefu wa miaka mingi hutenganisha sufu ya mnyama mmoja kwa kugusa tu, wakiweka ya mgongoni kando na ya kifuani na miguuni, na ujuzi wa vidole hivyo ndio unaoifanya sufu ya wafugaji elfu wadogo iwe mzigo mmoja ambao kiwanda kinaweza kuununua. Mfugaji wa Andes hafaidi sana kutokana na ujuzi huo, kwa sababu mara nyingi humuuzia mchuuzi anayepita sokoni na kulipa kwa uzito, laini na ngumu zikiwa pamoja, lakini angalau yupo mnunuzi. Mwenye wanyama 15 Uingereza au Pennsylvania alijikuta na magunia ya sufu ya rangi saba na madaraja matano, machache mno kwa kiwanda kikubwa. Vyama vya ushirika viliundwa kukusanya sufu za wengi, viwanda vidogo vya kusokota vikaanzishwa, na baadhi ya wafugaji walijifunza kusokota, kufuma na kuuza kofia na soksi wenyewe. Hao ndio waliodumu, na walidumu kwa kuwa waligeuka kuwa wafanyabiashara wa nguo wenye mifugo.

Msukosuko wa fedha wa mwaka 2008 ulipowanyima watu mikopo na kupunguza thamani ya nyumba zao, mnunuzi mpya alitoweka, na pamoja naye ikatoweka bei. Katika miaka michache iliyofuata majike waliokuwa wamenunuliwa kwa makumi ya maelfu waliuzwa kwa mamia, madume waliohasiwa walitolewa bure, na vikajitokeza vituo vya kuwapokea alpaka waliotelekezwa. Afrika Mashariki ina kumbukumbu yake ya karibu ya jambo la namna hii: mwaka 2013 nchini Kenya watu walikimbilia kufuga kware, wakijaza fomu za leseni za Shirika la Huduma za Wanyamapori kwa imani kwamba mayai yake ni dawa ya kila kitu, na mwaka 2014 kila aliyetarajiwa kuwa mteja alikuwa ameshakuwa mfugaji. Si haki kuiita biashara ya alpaka upatu haramu, ule ambao wa mwanzo hulipwa kwa michango ya wa mwisho na katikati hakuna mali yoyote, kwa maana mnyama alikuwepo, alikula majani na akatoa sufu. Lakini katika mkondo wa fedha, tofauti ilikuwa ndogo kuliko wauzaji walivyopenda kukiri.

Magumu ya afya huelezwa kwa kirefu katika vitabu vya mifugo na hayahitaji kurudiwa hapa, ila machache yana uzito wa kihistoria kwa kuwa yanatokana na kumhamisha mnyama. Aliyeumbwa kwa jua kali la mita 4,000 huweza kupungukiwa na vitamini D katika majira ya baridi yenye mawingu ya Uingereza, na ndama wake hupinda mifupa. Katika mashariki ya Marekani hushambuliwa na minyoo ya ubongo inayosambazwa na paa wa mkia mweupe, ambaye mwenyewe haugui. Joto lenye unyevu humchosha na hata kumuua asiponyolewa kwa wakati. Tena si mnyama wa kufugwa peke yake, kwa kuwa akitengwa na wenzake hudhoofika, hivyo bei ya mmoja kwa kweli ni bei ya wawili au watatu. Mamlaka za nchi pia huingia: alpaka aitwaye Geronimo, aliyeletwa Uingereza kutoka New Zealand mwaka 2017, alipimwa mara mbili akaonekana kuwa na kifua kikuu cha ng'ombe, na baada ya kesi za miaka minne aliuawa kwa amri ya serikali tarehe 31 Agosti 2021, huku nchi nzima ikibishana.

Kwa sasa alpaka wengi wa Ulaya na Australia wanafanya kazi ambazo hazikutajwa katika matangazo ya zamani. Baadhi hutembezwa na watalii kwa saa moja kwa malipo. Wengine, madume waliohasiwa, huwekwa pamoja na kuku au kondoo wakati wa kuzaa, kwa kuwa humchukia mbweha kwa asili na humkimbiza wakimwona, na mkulima anayewanunua kwa ajili hiyo huuliza ukubwa wao na tabia yao, haulizi jina la baba yao wala kama wameandikwa katika daftari. Mara moja kwa mwaka mnyoaji huja na mashine yake, huwalaza mmoja mmoja, huwanyoa, huwakata kucha na meno yaliyorefuka, na mara nyingi malipo anayodai kwa kila kichwa huzidi bei ya sufu anayoiacha chini.